Mpira Niliouosha kwa Petroli

Nakumbuka Alhamisi moja, mwanangu, miaka ya elfu mbili ilipokuwa bado michanga, nikiwa nimelala chali chini ya gari langu kuukuu pale nyumbani Kibomet, uso umejaa vumbi na moyo umejaa fahari. Nilikuwa mwalimu kijana, mwenye cheti cha chuo cha ufundi, na sikuamini kwamba kuna kitu kilichoundwa na mikono ya watu ambacho mikono yangu ingeshindwa kukirekebisha. Shule zilikuwa zimefungwa. Jumamosi nilitarajiwa kumpeleka Kukhu, nyanya yangu aliyenilea, pamoja na shangazi zangu wawili, hadi Kanduyi kwenye arusi ya dada yangu. Lakini breki zilikuwa zimelegea. Ukikanyaga, pedeli ilizama hadi sakafuni.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimepita kwa Fundi Barasa, mzee wa gereji ya karibu na soko la Kitale, aliyeanza kutengeneza magari kabla sijazaliwa. Aliniambia gari livutwe hadi kwake, likae siku nzima.

"Siku nzima kwa mipira midogo ya breki?" nikamwuliza. "Hata mimi nimesomea hii kazi, mzee."

"Haya, mwalimu. Na gari nayo imesoma? Isije ikakuuliza swali, bana!"

Wateja wake waliangua kicheko. Natamani kukuambia kwamba ni ujuzi ulionipeleka dukani kununua ile mipira, lakini nitakuwa nakudanganya. Ni kile kicheko.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama kwa bidii. Nilitoa mipira iliyochakaa, ile izuiayo mafuta ya breki kuvuja, na ile mipya, kwa kuwa nilipenda usafi, nikaiosha kwa petroli mmoja baada ya mwingine na kuipangusa kwa kitambaa cheupe. Nilipomaliza, pedeli ilikuwa ngumu. Nikaliendesha gari uani, nikakanyaga, likasimama papo hapo. Kukhu, aliyekuwa mlangoni akichambua maharagwe, alipiga vigelegele. Msema pweke hakosi: nilikuwa nimejitahini mwenyewe, nikajisahihisha mwenyewe, nikajipa alama zote.

Ijumaa alasiri nikaenda mjini, eti kujaza magurudumu upepo. Ukweli ni kwamba nilitaka Barasa anione. Alinisalimu, akalizunguka gari polepole, kisha akapeleka kiganja karibu na gurudumu la mbele bila kuligusa, kama mama anayepima homa ya mtoto. Akahamia la pili.

"Mwalimu, umetoka wapi na hii gari?"

"Kibomet tu."

"Si ni hapo tu? Na gurudumu iko na homa hivi?" Akanitazama. "Ile mipira uliosha na nini?"

"Petroli. Mpaka ikang'aa."

Safari hii hakucheka. Alilipandisha gari kwa jeki, akafungua, akatoa mpira wangu, akauweka kiganjani sambamba na mwingine mpya wa kipimo kile kile. Wangu ulikuwa umenenepa kama mbegu iliyolowekwa. Alinieleza kwa upole kwamba petroli huuvimbisha mpira wa breki. Ukivimba haurudi mahali pake, breki hubaki zimebana, zikapata moto, na mafuta yake yakichemka pedeli huzama bila breki kushika.

"Hapo kwako ingeshika tu," akasema. "Ingekukatalia Kamukuywa, kwa ule mteremko wa njia ya Kanduyi, ukishuka kwenda mtoni."

Akilini nilimwona Kukhu katika kiti cha mbele, amejifunga leso yake mpya.

"Sikia, mwalimu. Ukikosea kufunga taa, itakataa kuwaka hapa hapa, wewe ujue, ufungue, urudie. Sasa hii ukikosea, nani atajua wa kwanza? Na atakuwa wapi?"

Alifanya kazi hadi jua likazama, akabadilisha kila mpira na kumwaga mafuta yote ya zamani.

Jumamosi asubuhi, tukipakia mizigo, tulimwona Barasa akishuka kwenye bodaboda, amevaa koti la kanisani. Akajibana kiti cha nyuma katikati ya shangazi zangu.

"Kumbe na wewe umealikwa arusi?" shangazi mmoja akamtania. "Ama unatafuta bibi wa pili?"

"Wa kwanza bado ananishinda, mama. Mimi nashukia Kamukuywa."

Tuliteremka, na gari likanitii kila nilipolikanyagia breki. Kule chini alishuka, akapitisha kiganja kwenye magurudumu yote manne, akaridhika, kisha akavuka barabara kungoja gari la kumrudisha Kitale. Nilimkimbilia. Nilimwuliza kwa nini amejisumbua, ilhali yeye ni bingwa.

"Hata mimi hukosea, mwalimu. Nikikosea breki, nataka niwe ndani."

Nilisimama pale kando ya barabara, kofia mkononi, wala sikumbuki niliivua lini. Nilikuwa nimedhani ubingwa ni kutokosea. Sikuwa nimewahi kuona ukuu wa namna hiyo, nao ulikuwa umevaa koti lililopauka.

Mwanangu, sikukatazi kushika spana. Ishike, mikono ichafuke, maana asiyejaribu hajui. Ila kabla ya kulegeza nati ya kwanza, jiulize kosa lako litajitokeza wapi. Likijitokeza uani pako, mbele ya macho yako mwenyewe, jaribu, ukosee, ujifunze. Likijitokeza njiani, watu wakiwa wamekukabidhi roho zao, mpelekee ajuaye, hata kama atakucheka. Kicheko hakijamzika mtu. Na siku utakapokuwa wewe ndiwe ajuaye, usione haya kupanda gari ulilolitengeneza.

Mungu aibariki mikono yako, aupe moyo wako ujasiri wa kusema "hili siliwezi", na kila atakayeketi garini nyuma yako, au kando yako, afike kwao salama.