Konokono wa Alhamisi

Siku Muhsin alipomtia Bi Alka machoni kwa mara ya kwanza, bibi huyo alikuwa amekimbiwa na konokono aliyekwisha kufa, akachemshwa, akatiwa siagi na kitunguu saumu. Koleo lilimteleza mkononi, gamba likaruka juu ya glasi ya maji, likadunda sakafuni na kubingirika hadi kwenye kiatu cha Muhsin, aliyekuwa amejitokeza kidogo mlangoni pa jiko na trei ya glasi safi.

"Weye! Wakimbilia wapi nawe huna hata miguu?" bibi akamwuliza konokono, kwa Kiswahili.

Muhsin alikuwa mtu wa haya. Miaka yote aliyoosha vyombo katika mkahawa ule wa Kifaransa karibu na Baker Street, London, hakuwahi kufungua mdomo upande wa wateja. Akitumwa kupeleka glasi, alizipanga mezani huku anatazama ukuta. Lakini Kiswahili kilimvamia ghafla na ulimi ukamtangulia.

"Yuko huku, bi mkubwa."

Bibi aligeuka. Alikuwa mama wa Kihindi aliyevaa sari ya kijani, sweta ya kijivu juu yake, na chini viatu vyeupe vya michezo.

"Wa wapi wewe?"

"Pemba, bi mkubwa. Wete."

"Mimi wa Tanga. Basi tu majirani, maji tu yametutenga. Niletee konokono wangu."

"Kaanguka chini, bi."

"Lililoanguka ni gamba. Mwenyewe yumo ndani, hana habari."

Muhsin aliliokota gamba, akaliweka kwenye sahani kama mtu anayerudisha yai la watu kiotani, akakimbilia jikoni. Trei ya glasi aliisahau juu ya kiti cha mteja mwingine.

Jioni hiyo walikutana tena kwenye treni ya Metropolitan, yeye akielekea Wembley, bibi akielekea Rayners Lane. Muhsin alijifanya anasoma tangazo la dawa ya mafua. Bibi alikuja akaketi ubavuni kwake na mfuko wake wa vitambaa, akaanza kuzungumza, na kwa kuwa kwenye treni watu hukaa bega kwa bega bila kutazamana, Muhsin aliona anaweza kustahimili. Tangu siku hiyo ikawa desturi yao kila Alhamisi. Bibi alisema, Muhsin akaitikia "naam" na "ehe," hadi Wembley Park.

Hivyo ndivyo alivyoyajua maisha ya Bi Alka, kipande kipande. Alizaliwa Tanga katika duka la vitambaa la baba yake. Aliolewa na karani mpole aitwaye Chaman, wakahamia London, wakazaa Amisha na Deepak. Alishona maisha yake yote: mapazia ya watu, suruali za watu, magauni ya harusi za watu. Chaman alipofariki, alihamia kwa mwanawe Deepak na mkewe Sapna, na humo akawa waziri wa jiko. Nyumba ile haikuingia nyama, wala samaki, wala yai. Sapna akinunua keki, Bi Alka alivaa miwani, akasoma maandishi ya kwenye boksi kama hakimu anayesoma mashtaka. Akikuta yai limetajwa, keki ilikwenda kwa jirani.

"Sasa konokono, Bi Alka?" Muhsin aliuliza siku moja. Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza, na alilitafuta tangu kituo cha Finchley Road.

"Wa kwanza nilidhani uyoga," bibi alisema. "Madamu mwenye mkahawa alinipa vitambaa vya meza nivikunje pindo. Nikavileta, akanishukuru kwa sahani. Walikuwa hawana magamba, wameloa siagi. Uyoga gani mtamu hivi? Nikala, nikaomba tena, nikala. Nikamwuliza anaununua wapi. Akanionyesha picha."

"Ukafanyaje?"

"Nikaenda chooni nikalia. Nikanawa uso. Kisha nikarudi kumalizia siagi kwa mkate."

Muhsin alicheka mpaka akaona aibu, akaziba mdomo.

"Cheka tu. Na wewe unayaosha magamba yao kila siku na kuyapanga kama vikombe vya kahawa, hata mmoja hujaonja. Unafua nguo za harusi na harusini hukualikwa."

"Sisi huyu hatumli, Bi Alka."

"Na tondo, naye si ana gamba? Na chaza? Wapemba mnamaliza pwani nzima."

"Hao wa baharini."

"Basi huyu ni tondo aliyehamia bara. Kama mimi na wewe tu."

Alitania, lakini jambo lenyewe halikuwa la utani. Siku nyingine, treni iliposimama kwenye giza la njia, alilisema kwa sauti ya chini. "Sapna akijua, nimekwisha. Nitamwambia nini tena juu ya mayai? Lakini huyo si kitu. Deepak ndiye. Baba yake alipoumwa, daktari alimwandikia supu ya kuku, akakataa hadi mwisho. Deepak huniambia, mama, wewe ndiwe nyumba ya baba iliyobaki. Sasa nimwambie nyumba ya baba inakwenda Baker Street kula wadudu?"

"Hatajua," Muhsin alisema.

"Hatajua. Kwetu siri zote zinakaa kwenye Kiswahili. Mimi na marehemu tuliyasema yote mbele ya watoto: nani mgonjwa, nani kagombana na nani, peremende tumezificha wapi. Wao wanatutumbulia macho tu."

Ndiyo maana kila Jumatano alimpigia Muhsin simu akiwa katikati ya jiko la Sapna, kwa sauti ya juu, kuuliza kama konokono wamefika.

Mambo yaliharibika pale Deepak alipotaka kumfanyia mama yake sherehe ya siku ya kuzaliwa. Angempeleka kula chakula cha mchana Jumapili, mahali pazuri, tofauti na pa siku zote. Alikuwa ameshaweka meza. Bi Alka alipolitaja jina la mahali penyewe kwenye treni, Muhsin alidhani bibi ataanguka.

"Mikahawa yote hii ya London, kachagua huu huu! Nikiingia tu, Madamu atanibusu. Yule Mkongo naye ataniletea sahani kabla sijaketi. Muhsin, waambie hawanijui. Nakuomba."

Kumwomba Muhsin azungumze na watu kulikuwa kama kumwomba mtu mwingine aogelee hadi Ufaransa. Lakini asubuhi ya Ijumaa alivua glavu, akamwendea Exaucé, mhudumu kutoka Bukavu, Kongo, aliyekuwa na maneno ya watu watatu, akamweleza yote bila kupumua.

Exaucé alimtazama kwa mshangao. "Weye Muhsin! Kumbe uko na mudomo? Miaka yote nilijua uko bubu." Kisha akaweka mkono kifuani. "Usiogope. Yule mama mi simujue. Sijawahi kumuona hata siku moja."

Tatizo la Exaucé lilikuwa kwamba hakujua kufanya jambo nusu. Jumapili ilipofika, alimpokea Bi Alka kama mtu aliyeshuka kutoka mwezini. Alimweleza milango ya vyoo iko wapi. Alimwonyesha uma, akamwambia huu ni uma. Madamu, aliyekatazwa kumbusu, alisimama kwenye kaunta akimkazia macho kwa huzuni, kama aliyefiwa. Muhsin aliyaona yote kupitia kioo cha mlango wa jiko, na mikono yake, iliyozoea maji, ikatoka jasho.

Deepak, mtu mnene mwenye uso wa upole, alimwagizia mama yake supu ya mboga. Sapna alikaa mkabala, ametulia mno. Bibi alikuwa anaendelea vizuri. Kisha meza ya jirani ikaagiza konokono. Exaucé alipita nao mara ya kwanza, na pua ya Bi Alka ikawafuata. Akapita mara ya pili na sahani nyingine, siagi ikitoa mapovu, na safari hii shingo nzima ikawafuata. Muhsin akaona bibi anamtafuta kwa macho. Alichukua glasi mbili ambazo hakuna aliyeziomba, akatoka.

"Bwana, tafadhali," Bi Alka alisema kwa Kiswahili, akitabasamu kama anayeomba maji, "mwambie huyo Mkongo apitie upande wa pili. Wakipita tena hapa nitawarukia."

"Vumilia, Bi Alka," Muhsin alinong'ona akiutazama ukuta. "Alhamisi hiyooo, inakuja. Nitamwambia mpishi akuwekee dazeni."

Deepak aliweka kijiko chini.

"Mama," alisema, na Kiswahili chake kilitoka laini kama samaki asiye na miiba, "mimi najua konokono. Zamani najua. Kula tu."

Glasi moja iligongana na nyenzake. Bi Alka alimgeukia mwanawe.

"Umejifunza wapi?"

"Kwa wewe na baba. Mimi na Amisha. Peremende nyuma ya kopo ya mchele."

Kisha Kiswahili kikamwishia, akaendelea kwa Kiingereza. Walikijua tangu wadogo. Hawakusema, kwa sababu wangesema wangekosa peremende. Walipokua hawakusema, kwa sababu walizoea kutosema. Na kila Jumatano mama anapiga kelele jikoni kuhusu konokono, Deepak anaondoka chumbani asije akacheka. Meza ya leo hakuiweka kwa bahati. Alitaka mama yake akome kujificha, umri huu, kwenye treni, na baridi.

"Baba yako angesema nini?" bibi aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Angecheka."

"Baba yako hakuwa mtu wa kucheka."

"Basi angenyamaza, halafu angekwenda kuchekea kazini."

Bi Alka alifuta macho kwa ncha ya sari. Ndipo Sapna aliposogeza kiti chake mbele. Alikwisha kuambiwa na mumewe, na mwaka mzima alikuwa ameisubiri siku hiyo.

"Kwa hiyo, mama, keki ya Jumapili ijayo tuitie mayai?"

"Konokono ni konokono, mayai ni mayai," Bi Alka alisema, akikaa wima. "Nyumbani kwangu, hapana."

Deepak alicheka hadi wateja wakageuka. Exaucé hakusubiri kuagizwa. Alileta sahani, akasema kwa sauti ya mkahawa mzima, "Mama Alka, kama siku zote!" na Madamu akaja mbio kumbusu mashavu yote mawili, na ya Deepak, na ya Sapna.

Bibi alikula mbele ya mwanawe, na hakuna konokono aliyetoroka. Lakini Muhsin, aliyeipokea sahani ile jikoni, aliona siagi imebaki. Alhamisi bibi alikuwa akiifuta kwa mkate hadi sahani ikawa haina haja ya kuoshwa. Jumapili hiyo alikuwa amekula kama mgeni.

Baada ya hapo bibi alikuja Jumapili, kwa gari, na Deepak mwenyewe. Alhamisi Muhsin alipanda treni peke yake, akalisoma tangazo la dawa ya mafua mpaka akalijua kwa moyo. Jumatano simu haikulia. Alikuwa ameilinda siri ya bibi bila kujua kwamba yeye mwenyewe alikuwa anakaa ndani yake.

Kisha Amisha akapata habari. Amisha aliishi Montreal, Canada, na kwa miaka alimwomba mama yake akahamie kwake, na bibi alikataa, akisema kule kuna theluji tu. Sasa binti alikuwa na hoja mpya. "Mama, huku watu wanazungumza Kifaransa. Konokono wako kila mtaa. Na mimi sina mume wa kukuchungulia sahani." Bi Alka alikubali, akapata viza kabla ya majira ya baridi.

Alhamisi ya mwisho alikuja peke yake, kwa treni. Nyumbani alisema anakwenda benki. Aliagiza dazeni yake, akamwita Madamu, akanong'ona naye. Madamu akaingia jikoni, akamvua Muhsin glavu moja baada ya nyingine, akamsukuma nje kama mtoto wa shule, akamketisha mkabala na bibi. Akamwekea mkate na kahawa.

Hakukuwa na ukuta wa kutazama. Nyuma ya Bi Alka palikuwa na dirisha na mtaa. Bibi alishika koleo, akasubiri. Muhsin alikunywa kahawa yote. Kisha akaanza kusema. Alisema mama yake alivyokuwa akitoka maji yakipwa kwenda kwenye mikoko ya Wete, akarudi na kikapu cha tondo, na walivyokuwa wakiwachokonoa kwa sindano, ndugu wanagombania supu. Alisema alisoma hadi darasa la saba, na mwalimu akimwita asome mbele, alijifanya anakohoa. Alisema Alhamisi alikuwa akiosha haraka ili aiwahi treni moja na bibi, na vikombe vingine alivirudisha kabatini bado vina povu. Alisema watu wengi wa London wanamwona kama sehemu ya sinki, na bibi peke yake ndiye aliyemwita jirani. Alisema hadi Exaucé akaacha kufuta meza.

Deepak, aliyekwisha kugundua kwamba benki siku hiyo imefungwa, alifika na gari kabla bibi hajamaliza kula, akapiga honi. Bi Alka aliinuka na mdomo umejaa, akamshika Muhsin bega kwa mkono wenye siagi, akatoka akipunga kitambaa cha meza ambacho alisahau kukirudisha. Hakuweza kusema kitu. Kwa hiyo maneno ya mwisho aliyomwambia yalibaki yale aliyoyasema kabla ya konokono wa kwanza, Muhsin alipokuwa bado anaendelea na hadithi ya kikapu:

"Kumbe unayo maneno yote haya! Haya nyamaza kidogo, baba, siagi inaganda."