Mvinyo Wangu Uliongezeka Wenyewe

Wezi wa pombe nawajua. Nimekaa jeshini miaka ishirini na nane, nimeona dumu likipungua huku kila mtu anaapa hajaligusa.

Lakini pombe kuongezeka? Hiyo ndiyo ilinitoa jasho.

Naitwa Omara. Nilistaafu nikiwa sajini, nikabaki Kasese na mke wangu Naome. Nikiwa na miaka hamsini na tatu nikajiandikisha chuo kimoja cha ufundi huko Bwera, kujifunza kutengeneza mvinyo wa matunda. Darasa zima wananiita afande. Mimi nao ilikuwa salamu tu, basi.

Muhula wa kwanza mvinyo wangu wa nanasi uligeuka siki. Mwalimu wetu, Madamu Olivia, hakunificha.

"Omara, ukiharibu tena, nafasi yako tunapatia mwingine."

Kwa hiyo mtungi wa pili, wa kioo, lita ishirini za pasheni, niliulinda kama ghala la silaha. Ukiharibika, nimekwisha. Na Naome alishawatangazia majirani wote kwamba mume wake anasomea divai!

Siku tulipouhamisha mvinyo kutoka kwenye mashapo yake, nilipiga alama ya kalamu kwenye kioo, pale pale mvinyo ulipofika. Akili ya jeshi hiyo. Kisha nikaenda Hima kwenye mazishi ya rafiki, nikakosa masomo siku mbili.

Jumatatu narudi, mvinyo uko juu ya alama. Upana wa kidole kizima.

Nikafuta, nikapiga alama nyingine. Jumatatu iliyofuata, umepanda tena.

Jamani, ni maji? Ni sumu? Huku hata anayekukaribisha pombe huonja kwanza mbele yako, kwa hiyo hofu yangu haikuwa ya kichaa. Niliacha kula posho, ule ugali wa chuo. Nikawa nakuja na chai yangu kwenye chupa. Aliyekohoa darasani nilimwangalia mara mbili.

Mwisho nikamfuata Musitafa, mlinzi wa geti.

"Jumapili nani anaingia hapa?"

"Edisa tu, afande. Anatokanga kanisani, anapitia hapa."

"Kufanya nini?"

"Sijui. Iko nabeba kachupa ndani ya kitenge."

Edisa! Mama wa makamo, mzaliwa wa hapo hapo Bwera, ndiye aliyekuwa anaongoza darasa. Mtungi wake ulikuwa jirani na wangu. Mpole, haongei. Nikasema moyoni, hawa wapole ndio wenyewe.

Jumapili saa nane mchana nikajibanza nyuma ya mapipa. Kweli akaingia, bado yuko na nguo za kanisani. Akatoa kachupa. Akafungua mtungi wangu, akamimina taratibu.

"Wewe! Simama hapo! Mikono juu!"

Kachupa kalitaka kumponyoka. "Afande, tulia, niseme..."

"Kimya!"

Sikungoja neno. Niliubeba mtungi hadi nje, nikaupindua kwenye nyasi.

"Usimwage! Afande, usimwage!" Edisa alipiga kelele, akanishika mkono.

Mimi nikaona huo ndio ushahidi, anaogopa mambo yake yajulikane. Nikamwaga mvinyo wote.

Madamu Olivia, ambaye anaishi chuoni, akatoka mbio. Nikamweleza yote kama natoa ripoti kwa mkubwa wangu.

"Kama si sumu, anywe!" nikasema.

Edisa akainua kachupa, akanywa yote, akapangusa mdomo. Kisha akaongea polepole.

"Hii ni pasheni ya mutungi yangu, ile ilibakia. Madamu alifundisha, tukisha kuhamisha, tujaze mpaka kwa shingo. Hewa ikibakia ndani, inageuka siki. Wewe ulikuwa kwa mazishi. Nikaona watakufukuza. Nikawa nakujazia kidogo kidogo."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuja mara mbili. Ukaniangalia vile mutu anaangalia mwizi. Nikaogopa."

Nikauweka mtungi chini.

Madamu akainama, akachovya kidole kwenye tone lililobaki mdomoni mwa mtungi, akaonja.

"Omara, huu ungekuwa wa kwanza darasani."

Mimi mwanaume mzima nilikaa chini pale kwenye nyasi, zinanukia pasheni, nikalia. Aibu niliyoisikia siku hiyo sijawahi kuisikia hata jeshini.

Nilikuwa nimeshaharibu mara mbili, na maneno ya mwalimu yalikuwa wazi. Lakini akamgeukia Edisa.

"Wewe ndiye umekosewa. Tumufanye nini?"

Edisa alinitazama. Nikajua ananifukuza, na angekuwa na haki.

"Arudilie muhula," akasema. "Lakini mutungi yake ikae karibu na yangu. Na akuwe anauliza."

Sasa nasoma upya na vijana wa umri wa wanangu. Naome nilimwambia mtungi ulipasuka, kwa hiyo kama unamjua, tafadhali usimtumie hii.

Ndugu yangu unayesoma, ukimshuku mtu, muulize kwanza na umwache amalize kujibu. Kwangu ingechukua dakika moja tu, na leo ningekuwa na cheti mkononi.