Meza ya Fundi Kioo Iliyogoma Kukauka

Mjomba wangu ni seremala. Watu humwita Fundi Kioo, maana huapa kwamba utaiona sura yako kwenye meza zake. Nusu ya mtaa hula juu ya kazi ya mikono yake. Mkewe peke yake ndiye aliyekuwa akipakata sahani mapajani tangu walipooana. Siku alipochoka, alifunga virago akaenda kwa mama yake. "Nitarudi ukiwa na pa kuweka sahani."

Mjomba akachonga meza, nzuri kweli. Akaipaka mafuta ya kitani ya kung'arishia mbao, si kwa kufuta na kitambaa kama anavyowafanyia wateja, bali kwa kumimina, mapenzi yamemzidi. Kisha, kwa kuogopa mafundi wenzake wasimwibie mtindo, akaifungia stoo, dirisha kafunga, blanketi juu.

"Mjomba, mafuta haya yanataka mwanga na hewa," nikamwambia. "Humo gizani yatabaki mabichi."

"Chuo chenyewe kimekushinda, leo unanifundisha mafuta?"

Siku mama mkwe alipotuma salamu kwamba yuko njiani na binti yake, waje kukagua, mjomba akafunua blanketi. Meza inanata kama pipi iliyolambwa! Akakimbilia jiko la mkaa, akalisogeza karibu. Moto ukafanya kazi nusu: juu kukaganda utando uliojikunja kama wa maziwa yaliyochemka, chini yake majimaji vilevile.

"Umeona?" akanitambia. "Imekauka."

Mama mkwe akaketi kwenye kiti cha kuazima, akaweka mkoba, akaegemeza viwiko. Alipotaka kuinuka, meza ikakataa. Utando ukachanika, gauni likaja na mafuta yanayovutika kama gundi.

"Baba," akasema taratibu, "hii ni meza ya kulia au ya kunasia panya?"

Mkewe hakucheka. Akambandulia mama yake mkoba, akaelekea mlangoni. Hapo mjomba akanywea.

"Mke wangu, usinikatie tamaa. Naitoa nje, waje waione mafundi wote."

Akakwangua mafuta yote, akapaka upya, kiduchu, akafuta mpaka kitambaa kikatoka kikavu. Meza ikakaa uani, juani. Mafundi walikuja wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mjomba alikuwa akiihamisha kufuata jua, huku akifukuza kuku. Mkewe alipita mara kwa mara akitoka kwa mama yake, anagusa kwa kidole, anaondoka akikipangusa.

Alasiri moja aliweka kiganja kizima, akakandamiza, akakiinua. Safi. Mkewe akapindua ndoo, akaikalia.

"Leta sahani," akasema. "Habari ya viti tutaongea nikishashiba."