Ganzi ya mikono baada ya kujifungua: nilivyopigwa laser badala ya sindano

Wakuu, habari za humu. Mimi ni msomaji tu, nacheka kwenye nyuzi za watu nasepa. Leo naleta yangu, na sio chai.

Nilijifungua binti, mtoto wetu wa kwanza. Mama yangu alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo arobaini nikakaa kwa mama mkwe, kijijini Tongoni.

Ganzi ilianza mimba ikiwa kubwa. Nikajua itaondoka nikijifungua. Wapi! Ndo ikazidi. Kidole gumba, cha shahada na cha kati vikawa kama si vyangu. Kumpakata mwanangu mpaka niwekewe mito, naogopa kumwangusha.

Mama mkwe akasema, "Hiyo baridi. Umegusa maji ya baridi wewe, usinibishie."

Wallahi sikugusa!

Basi ananikanda kwa maji ya moto, kisha anavifunga vifundo vya mikono kwa kanga, anakaza haswa, kama anavyonifunga tumbo. Kwa mapenzi kabisa, yule mama ananipenda.

Siku ya saba mtoto akanyolewa. Alizaliwa na nywele nyingi, kila mgeni anazishika na kusema mashaallah. Kabla ya kwenda kuzifukia, mama mkwe akanijazia kiganjani. "Haya, shika nywele za mwanao."

Naziona. Nasugua kwa vidole. Sihisi kitu.

Nililia wakuu. Mtoto wangu mwenyewe, namtamani naye yuko mapajani mwangu.

Mume wangu akataka twende hospitali. Mama yake akagoma, mzazi hatoki kabla ya arobaini.

Ilipoisha tukaenda kliniki Tanga mjini, na mama mkwe akaja. Daktari mama wa Kihindi, Kiswahili chake cha mitaa ya Ngamiani kabisa. Akatazama alama mikononi. "Nani kakufunga hivi?"

Mama mkwe akaangalia dari.

Kumbe ni carpal tunnel. Mshipa wa fahamu unabanwa kwenye kifundo, na mwili wa mzazi ukijaa maji ndo kabisa. Sisi tukauongezea kanga!

Akasema atanifanyia acupuncture ya laser. Mimi acupuncture najua ni ile tiba ya Kichina ya kuchomwa sindano, nikafumba macho nangoja. Akagusisha kitu kama kalamu chenye mwanga, hapa kidogo, pale kidogo. Hakiumi wala hakichomi. Nikamuuliza ataanza lini, kumbe kamaliza.

Akanipa na kifaa cha kunyoosha kifundo nikilala. Na hakunidanganya: wengine inawasaidia, wengine kidogo, wengine ganzi huondoka yenyewe. Kwangu sijui kilichofanya kazi ni kipi.

Nikahudhuria wiki baada ya wiki. Asubuhi moja nikaomba nimwogeshe mwenyewe. Mama mkwe kakaa pembeni, mikono kainyoosha tayari kumdaka. Nikapitisha vidole kichwani kwa mwanangu.

"Mama, nahisi!"

"Zikoje?"

"Zinakwaruza." Zilikuwa zimeota mpya, za kipilipili.

Nikamuuliza za kwanza zilikuwaje. Akasugua vidole vyake kwa muda, kama bado anazo.

"Laini, mwanangu. Laini mno."

Akaangua kilio yeye, mimi nikafuata, mtoto akatushangaa.

Dada zangu, ganzi msiiite baridi tu. Msifunge, na msingoje arobaini kumwona daktari. Yangu imeondoka, alhamdulillah, ila zile nywele zimefukiwa na sitazishika tena.

Wenye watoto wachanga, nendeni mkawashike kichwani sasa hivi, halafu mrudi hapa mniambie zikoje. Nasoma zote.