Matairi Kumi

Jirani yangu, fundi mstaafu wa jeshi, hajui kunong'ona. Miaka ishirini na sita alihudumia ndege moja ya mizigo, jeti yenye makelele kiasi kwamba mafundi wake waliongea kwa ishara, na mpaka leo chakula kikiwa tayari mkewe humwonyesha dole gumba kutoka mlangoni. Ndege nayo imestaafu. Imeegeshwa langoni mwa kambi, watu waitazame. Kila Jumamosi fundi huenda na pampu ya mguu kuyajaza upepo matairi yake kumi. Goti halimruhusu kuzidisha mawili kwa siku, na akifika la kumi, la kwanza limeshalegea. Anaanza upya.

Juzi nilimsindikiza. Askari wa zamu akamwambia kwa upole, "Mzee, hii hairuki tena."

"Najua!" akafoka, mguu haukuacha pampu. "Lakini haitapiga magoti mimi nikiwa hai!"

Alipomaliza alivaa vifunika masikio vyake vya zamani, akainua dole gumba kuelekea kiti kitupu cha rubani, akasubiri. Nami nikajikuta nimeziba masikio.