Muziki wa Wezi kwa Asali ya Handeni

Mimi sina subira, na kazi niliyoichagua inaitaka kila siku. Natengeneza video za matangazo mjini Korogwe, katika chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki. Watu wanadhani kazi ni kamera. Picha naimaliza haraka, na hata nikiwa na hasira mkono wangu hautetemeki. Kinachoniumiza kichwa ni muziki.

Kila mteja anakuja na wimbo wake kwenye simu, na karibu wote wanakuja na wimbo ule ule unaopigwa kwenye kila bodaboda mwezi huo. "Tuwekee huu, dada, unachangamsha." Nawaambia wimbo una mwenyewe. Ukiuweka bila ruhusa, mtandao unaukata, na tangazo lako linabaki bubu, midomo inafumbuka na kufumba tu. Yupo mwenye nyumba ya wageni aliyeniona mjuaji, akaenda kwa fundi mwingine akawekewa wimbo wake. Haukupita muda video ikanyamazishwa, akarudi kwangu mpole. Nilifurahi, na sikumficha.

Kwa hiyo natumia muziki wa maktaba. Ni maktaba za mtandaoni ambako watunzi nisiowajua, wa nchi nisizozijua, wanaweka muziki wao usio na maneno, nawe unalipia ruhusa ya kuutumia. Umepangwa kwa hisia: furaha, huzuni, matumaini, biashara. Wateja wengi wanaudharau muziki huo kwa sababu hauna mwimbaji wa kumtaja. Mimi naupenda kwa sababu hiyo hiyo.

Akina mama wa asali walinifuata kutoka kijiji kimoja cha Handeni. Wana mizinga porini, na asali yao ni nyeusi, nzito, ina ukali kidogo mwishoni. Shida yao ilikuwa mnunuzi. Kila msimu alikuja dalali mmoja na gari lake na ndoo zake, anataja bei, nao wanakubali kwa kuwa hakuna mwingine aliyefika. Sasa kulikuwa na maonyesho ya wajasiriamali Korogwe. Kila kikundi kingepewa meza, na video yake ingeonyeshwa kwenye skrini kubwa mbele ya wanunuzi kutoka Tanga na Dar es Salaam.

"Tukikosa mtu pale, mwanangu, tunarudi kwa yule yule," mwenyekiti wao aliniambia. Alikuwa mama wa makamo, mrefu, asiyepandisha sauti. "Na wenzangu wameshasema. Tukirudi kwa yule yule, mizinga tunaiuza, kila mtu ashike jembe lake."

Mweka hazina hakutaka video kabisa. "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," alisema.

"Sasa mama, hicho kizuri chenu mbona kimekaa ndani mpaka leo?" nikamuuliza. Walicheka, naye akacheka, na kazi nikaipata.

Kurina asali kulinifundisha adabu. Jioni jua likiwa limeshuka walivaa ovaroli nyeupe na kofia za wavu, wakashika bomba la kufukizia nyuki moshi, wakajipanga mstari mmoja kwenye nyasi. Mwenyekiti akasimama, akanusa. "Nani kajipaka manukato?" Nilikuwa mimi. Nyuki hawapendi harufu kali, na mimi nilikuwa nimejipulizia tangu asubuhi kama naenda harusini. Nikarudishwa nyumbani kwake, nikaoga kwa ndoo, mtu mzima na kamera yangu, ndipo nikaruhusiwa kusogea. Kuanzia hapo hakuna aliyezungumza. Walikwenda kwa ncha za vidole, wanapunguziana mwendo kwa mikono, wakikanyaga kijiti kikavu wanasimama wote. Nilipiga picha nzuri mno jioni ile.

Kisha nikakwama. Nilianza na kinanda cha taratibu, kile cha kwenye fungu la matumaini, nikawapelekea wasikilize sebuleni kwa mwenyekiti. Mama mmoja akaweka kikombe chini. "Nani amefariki?" akauliza, na hakuwa anatania. Nikakumbuka matangazo ya vifo redioni, nikazima. Nikaandika "Afrika" kwenye maktaba, nikapata ngoma nzito na mtu anayepiga ukelele kwa mbali. Wakauliza ni ngoma ya wapi. Nikasema sijui, wanasema Afrika. "Basi ni ya huko kwenye simba," mweka hazina akasema, "huku hatuijui."

Muziki wa tatu waliupenda wote. Gitaa dogo, mluzi, makofi, raha tupu. Nikapanda gari kurudi Korogwe kwa moyo mweupe. Kesho yake asubuhi napita kwa fundi seremala anayetengeneza vitanda na majeneza, spika yake iko nje inatangaza kazi, na chini ya sauti yake ni gitaa lile lile, mluzi ule ule. Mchana nikausikia kwa muuza gesi. Ule muziki ni wa bure, uko kwenye kila simu yenye programu ya kuhariri video, na kila mtu aliyeokota programu hiyo ameuokota pamoja nayo. Nilijiona mjinga. Asali ya watu waliokaribia kuvunja kikundi, halafu naiuza kwa muziki wa majeneza? Niliufuta kwa hasira hata sikubakiza nakala.

Nikakaa na picha peke yake, bila sauti. Nikaiangalia ile safu ya wanawake wa ovaroli nyeupe wakinyata kwenye nyasi, nikasema kwa sauti, chumbani peke yangu, "Hawa wanakwenda kuiba." Na ndivyo ilivyo. Nyuki wamefanya kazi miezi, wewe unakuja na moshi. Nikaingia maktaba, si kwenye furaha wala biashara, nikaandika "wizi". Ukaja muziki wa kuchekesha, ule wanaowawekea wezi wa kwenye katuni: nyuzi zinadonolewa moja moja, zeze nene linavuta hatua kwa chini, kimya kidogo, kisha hatua tena. Nikaulaza juu ya picha. Hatua za akina mama ziliingia kwenye hatua za muziki karibu bila kukata chochote. Nilicheka mpaka mke wa mwenye duka akaja kuchungulia.

Nilipowapelekea kijijini, mwenyekiti hakucheka. Alitazama mpaka mwisho, akakunja mikono. "Umetufanya wezi."

"Mama, tazama tena."

"Nimetazama. Mimi nina wajukuu. Niende Korogwe, mbele ya watu, nitambulishwe kwa muziki wa mwizi?" Wawili waliokaa upande wake wakaitikia kwa vichwa. Wakataka mluzi wao.

Damu ikanipanda. Najua mtu mzima hajibiwi hovyo, lakini mdomo wangu ulishafika mbele. "Shikamoo mama, naomba nikuulize. Asali ni ya nani?"

"Marahaba. Ni ya kwetu."

"Nyuki wanalijua hilo?"

 Mweka hazina, yule yule wa kizuri chajiuza, akaanza kutikisika mabega, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Wenzake wakafuata mmoja mmoja. Mwenyekiti akasubiri wamalize. "Haya," akasema. "Ikiharibika, imeharibika juu yako." Nikasema juu yangu. Njia nzima ya kurudi nilikuwa na hofu, maana nilijua ikiharibika hainiangukii mimi, inawaangukia wao na mizinga yao.

Siku ya maonyesho jua liliwaka, na watu walijibanza chini ya turubai. Ikaanza video ya kikundi cha iliki cha Bungu. Picha safi, milima, ukungu. Chini yake gitaa dogo na mluzi. Ikaja ya maharage ya Mpale. Mluzi. Ikaja ya wasusi wa mikeka. Mluzi. Ya nne ilipoanza vijana wa nyuma wakaanza kupiga mluzi wenyewe, wanaumalizia kabla ya spika, na turubai zima likacheka. Mwenyekiti alinigeukia, akanitazama. Nilimwona anashusha pumzi.

Ikaja yetu. Nyasi, jioni, uzi mmoja ukadonolewa. Mguu mweupe ukakanyaga. Uzi wa pili, mguu wa pili. Kelele zikapungua kwanza nyuma, halafu mbele. Mama aliyekuwa anahudumia maji alibaki na chupa mkononi. Kila mara safu ya akina mama iliposimama muziki ulisimama nayo, na watu wakaanza kucheka kichinichini, kama nao wanaogopa kusikiwa. Mfuniko wa mzinga ulipoinuliwa nilikata muziki wote, nikaacha nyuki peke yao kwenye spika kubwa. Watazamaji wa mbele waliegemea nyuma kwa pamoja; mzee mmoja alijipiga shavu. Kisha mwenyekiti, akiwa kwake mbali na mzinga, anafunua wavu, analamba kidole, anacheka. Hapo turubai zima lililipuka kwa makofi.

Nilitamba. Sitaki kujifanya mnyenyekevu, nilisimama katikati ya watu nikapokea makofi kama ni mimi niliyerina. Akina mama walirudi kwenye meza yao wakakuta foleni. Watoto walipita mbele yake wakinyata kwa vidole, mwenyekiti anawatishia kwa kijiko, wanakimbia. Mwanamke mmoja mwenye maduka Tanga alionja, akafumba macho, akauliza kama msimu wote umeshachukuliwa. Nyuma yake alikuwepo mwanamume wa Dar es Salaam mwenye swali hilo hilo. Mweka hazina aliniminya mkono chini ya meza mpaka ukauma.

Dalali naye alikuwa amekuja. Nilimwona kabla hawajamwona, amesimama kwenye foleni kama watu wengine, kofia mkononi. Ilipokaribia zamu yake akainama juu ya meza, akamkatiza yule mwenye maduka wa Tanga.

"Shikamoo mama. Mwaka huu mnauza bei gani?"

Akina mama wote waliacha walichokuwa wanafanya. Miaka yote ile bei ilikuwa ikitoka kinywani mwa dalali huyu.

"Marahaba mwanangu," mwenyekiti akamjibu, bila kupandisha sauti. "Nisubiri kidogo, nimalizane na huyu, kisha nitakutajia."

Akasubiri.