Aya ya Mnadani Katika Barua ya Posa

Kosa lilikuwa langu, si la kompyuta. Mwishoni mwa miaka ya themanini nilikuwa karani wa mifugo Shinyanga. Asubuhi nilinakili kwenye kompyuta ya ofisi aya ya tangazo la mnada wa ng’ombe, ikabaki kwenye kumbukumbu yake. Mchana nikaandika barua ya kumposa Kulwa wa Ushirombo. Nilitaka kuhamishia mwishoni aya ya kumsifu, lakini badala ya kuikata nikaifuta. Nikabonyeza kubandika, nikachapisha bila kusoma.

Jumapili, nikiwa nimeketi kwao nyuma ya mshenga wangu, baba yake Kulwa alivaa miwani akawasomea wazee aya ya mwisho: “Akaguliwe meno na kwato kabla ya kupokelewa. Mwenye kikohozi arudishwe.”

Akanitazama. “Kijana, binti yangu ana kwato?”

Kulwa akachungulia mlangoni. “Baba, mwambie afungue mdomo, tuanze na yeye.”

Nikaufungua.